Shangazi, shoti nimeikata mimi, rafiki yangu anaitaka kwenye rili yake

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni msichana wa mwaka wa mwisho, nasomea uhuishaji na athari za picha za filamu. Safu yako naisoma zaidi kwa habari za ndoa na mawifi, kwa hiyo unisamehe nikikuletea mambo ya kompyuta. Hata hivyo kinachoniumiza ni urafiki.

Mradi wetu wa mwisho tunaufanya wanne. Ni filamu ya sekunde 90: msichana amekaa dirishani, kunguru anaingia, anatua begani mwake, anamnyofoa hereni na kuruka nayo. Msichana ni mtu halisi, tulimrekodi kwa kamera. Kunguru ametengenezwa kwenye kompyuta. Mwongozaji ni K., rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Kuna kaka mmoja aliyeunda umbo la kunguru na manyoya yake. Anafanya kazi vizuri lakini ni msemaji sana, kila mkutano anagombana na K. kuhusu rangi ya mdomo. Mwingine ndiye wa rigi, yaani mifupa ya kompyuta inayomwezesha ndege kuchezeshwa, na mwendo wake. Mimi nimepewa "kumalizia", yaani kumuunganisha kunguru na picha ya kamera mpaka mtazamaji aamini walikuwa chumba kimoja.

Mambo yaliharibika siku ya kurekodi. Nilishauri tuweke skrini ya kijani nyuma ya msichana, iwe rahisi kumtenga na ukuta, K. akakataa, eti itaua mwanga wa dirisha. Nikaomba basi tubandike alama ukutani zinisaidie kufuata mwendo wa kamera, akasema zitamvuruga mwigizaji. Halafu kamera yenyewe akaibeba mkononi. Nywele za msichana ziko wazi, upepo unazirusha, na kunguru akishatua lazima nywele nyingine zipite mbele ya bawa na nyingine nyuma yake. Kwa hiyo kila unywele unaouona pale nimeukata roto mimi, yaani nimeuzungushia mstari picha kwa picha ili kuutenga na vilivyo nyuma yake. Shoti hiyo, yaani kipande hicho kimoja cha filamu, peke yake ina fremu 168, ndizo picha moja moja zinazounda mwendo. Wenzangu wamelala, mimi nasogeza vidoti pembeni mwa nywele za mtu.

Tulipokubaliana zilikuwa shoti 11. Leo ni 19. Kila tukikaa kutazama kazi, K. anapata wazo jipya, na kila nikilalamika ananiambia, "Wewe hushindwi, shoga yangu." Alama za kozi ni asilimia 60 kwa filamu ya kundi na 40 kwa rili ya kila mtu, yaani video fupi ya kuonyesha kazi zake bora, pamoja na ripoti yake. Rili yangu sijaigusa.

Wiki iliyopita mwalimu alikuja kutazama mkato wa awali. Shoti ya begani ilipopita akairudisha nyuma, akaitazama tena, akauliza nani kaifanya. K. akawahi: "Tumefanya pamoja, mwalimu." Nikanyamaza. Usiku uleule akaniomba faili ya shoti hiyo aitie kwenye rili yake. Kuna studio inatafuta mwanafunzi mmoja wa mafunzo kazini, na sote wawili tunaomba. Anasema shoti aliiwaza yeye, kwa hiyo ni yake pia.

Shangazi, K. si mtu mbaya. Mwaka wa kwanza kompyuta yangu ilipokufa, alinipa yake niitumie usiku, yeye akawa anafanya kazi zake mchana. Bila yeye nisingevuka mwaka ule. Nyumbani siwezi kusema kitu, walishaniambia mapema kwamba hii si kozi.

Nimewaza njia tatu. Nimwambie mwalimu kila kitu. Nijitoe kwenye kundi nishughulikie rili yangu. Au nimpe faili, ninyamaze, yaishe. Kila ninayoishika naona nimekosea. Na kwa kweli wakati mwingine najiuliza kama roto ni kitu cha kugombania. Ni kazi ya mikono tu. Anayekumbukwa ni mwongozaji.

Zimebaki wiki tano tukabidhi.

Mkata Nywele

*

Marahaba, mwanangu Mkata Nywele.

Usiombe radhi kwa ajili ya kompyuta. Ila kazi yenu siijui kwa ndani, kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilimtafuta mtu anayeishi kwa kazi hiyo, nikavuta kiti nyuma yake, akanionyesha roto ya nywele. Alizungushia mstari kishungi kimoja, akaruka fremu nane mbele, akakizungushia tena, kompyuta ikajaza za katikati. Nikadhani imekwisha. Akacheza picha: ule mstari ulikuwa unaogelea, unaachana na nywele, unazirudia, unaachana nazo tena. Ikabidi arudi kunyoosha fremu moja moja. Kisha akanisogezea karibu ncha ya unywele uliokuwa ukirushwa na upepo. Haina ukingo. Ni ukungu tu, na ukungu wenyewe umebeba rangi ya ukuta wa nyuma, kiasi kwamba ukiukata na kuupitisha mbele ya bawa jeusi, unabaki na uzi mweupe unaong'aa kama kosa. Fremu zako 168 ni sekunde saba za filamu. Niliinuka pale nikiwa na maswali mengi juu yako, na la kwanza ni hili: umelala lini?

Katika barua yako naona mafundo matatu kwenye kamba moja. Kuna mzigo, maana kazi imekua kutoka shoti 11 hadi 19 na sehemu kubwa imekuangukia wewe. Kuna jina, kwa maana ya nani atahesabiwa kuwa ameifanya shoti ya begani. Na kuna deni, ile kompyuta ya mwaka wa kwanza. Nadhani unashindwa kuchagua kwa sababu kila njia unayoiwaza inalegeza fundo moja na kukaza jingine. Basi niruhusu nianzie pale ulipomalizia wewe, kwenye maneno "kazi ya mikono tu".

Nani alikuambia hivyo? Nauliza kwa sababu aya nzima umenieleza kwa nini nywele zile ni ngumu, halafu mwishoni ukaitupa kazi yote kwa maneno manne. Mwaka 1915 Max Fleischer aliomba hataza ya kifaa chake cha rotoskopu, akapewa mwaka 1917: mtu anarekodiwa akicheza, picha zinamulikwa kwenye kioo moja baada ya nyingine, mchoraji anazifuatisha kwa kalamu. Yaani uvumilivu huu wa fremu kwa fremu una zaidi ya miaka 100 na haujaikimbia fani. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba wengi wanaounganisha picha kwenye studio walianzia kwenye roto na kusafisha picha, ndio mlango wa wageni.

Nisikudanganye, lakini. Aliniambia pia kwamba sehemu ya kazi hiyo sasa inafanywa na programu zinazojifunza zenyewe, na nyingine hupelekwa mbali inakofanywa kwa malipo madogo. Atakayejiuza kama mkata mistari peke yake atapata tabu. Programu haikuamua unywele upi upite mbele ya bawa na upi nyuma. Uliamua wewe, na nadhani ndicho kilichomfanya mwalimu airudishe. Sijui kama unataka kuishi kwa kazi hii. Ningependa tu uijibu hoja hiyo kabla hujaamua kama shoti inastahili kugombaniwa, kwa sababu mtu anayeidharau kazi yake ni rahisi sana kuigawa.

Sasa jina. Umeandika kama kwamba kuna majibu mawili tu, ama shoti ni yako ama ni ya K. Lakini wewe mwenyewe umenieleza kwamba umbo la ndege ni la mwenzenu mmoja, mwendo wake ni wa mwingine, na dirisha, kamera na wazo ni vya K. Ukichomoa kazi ya mmoja wao, hakuna kunguru begani. Kwa maana hiyo, K. akisema ni yake pia, hajasema uongo. Uongo unaanzia pale rili itakapomfanya mtazamaji aamini kwamba aliyeomba nafasi ndiye aliyekata nywele. Fani yenu ina desturi ya kuliepuka hilo: chini ya kila shoti mtu huandika alichofanya, au huambatanisha karatasi inayoeleza shoti kwa shoti. "Uongozaji na kamera." "Roto, kufuata mwendo wa kamera, kuunganisha." Shoti moja inaweza kukaa kwenye rili nne na wote wanne wakawa wakweli.

Hapo ombi la K. linabadilika sura. Labda usimuulize kama anaitaka faili, muulize ataandika nini chini yake. Inawezekana hakuwa na nia mbaya kabisa. Waongozaji husema "tumefanya" kwa mazoea, na jibu lile kwa mwalimu huenda lilikuwa mazoea. Inawezekana pia alikuona umeinamisha kichwa akaona njia iko wazi. Mimi sijui, na kwa kuwa hujamuuliza, nawe hujui. Lipo pia jambo ambalo pengine hajaliwaza: rili zenu mbili zinakwenda kwenye meza moja. Watu watatazama sekunde saba zilezile mara mbili. Akiitwa kwenye mahojiano na kuulizwa ule ukungu wa ncha za nywele aliutatua vipi, atajibu nini? Maelezo ya chini ya shoti yanamkinga yeye kuliko yanavyokukinga wewe. Ukimfikishia hivyo, hutakuwa unamshtaki.

Najua utasema huko kwenye filamu kubwa nako majina hupotea. Ni kweli. Tuzo ya Oscar ya athari za picha kwa kawaida hutaja watu wasiozidi wanne kwa filamu moja, hata kama waliokesha walikuwa mamia. Ndiyo sababu zaidi ya kuzoea kuandika nani kafanya nini sasa hivi, mkiwa wanne tu.

Kwenye mzigo ndipo nataka kukubana kidogo. Umesema unalalamika na K. anakujibu kwamba hushindwi. Unalalamika kwa maneno gani? "Nimechoka" ni neno ambalo rafiki hulijibu kwa kukutia moyo, na K. ndicho alichofanya. Hesabu haitiwi moyo. Fremu 24 kwa sekunde, sekunde 90, ni fremu 2,160. Tuseme kunguru anaonekana kwa sekunde 50: fremu 1,200. Tuseme kila fremu yenye manyoya inachukua dakika 15 kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa iwe picha kamili, kwenye mashine zenu. Hizo ni saa 300, siku 12 na nusu kwa kompyuta moja isiyozimwa, na hapo sijahesabu siku mtakapogundua kwamba kivuli kimeangukia upande usio wake na inabidi mrudie. Namba halisi unazo wewe. Ziandike kwenye karatasi moja, shoti zote 19, mbele ya kila moja nani anadaiwa kazi gani na bado siku ngapi. Ningeshangaa kama K. ameshawahi kuiona filamu yake kwa namna hiyo.

Na karatasi hiyo mkiisoma vizuri haitasema tu "punguza". Mwenyeji wangu alipoisikia hadithi yenu aliuliza mara moja kwa nini ndege aonekane kila wakati. Kivuli kikipita ukutani na sauti ya mabawa, mtazamaji anamjua kunguru yupo. Kamera ikimkaa msichana usoni wakati hereni inanyofolewa, nywele zote hubaki zilipo na hakuna wa kuzikata. Huenda kati ya zile shoti nane zilizoongezeka kuna mbili au tatu ambazo K. angefurahi kuzipata kwa njia hiyo. Mwongozaji huyasikia mawazo kuliko malalamiko. Wakubwa nao hulemewa na kazi inayokua baada ya makubaliano: Februari 2013 studio ya Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa mufilisi, na mwezi huohuo ikashinda Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Life of Pi. Sikutishi. Nasema tu kwamba uzuri wa shoti na afya ya wanaoitengeneza ni hesabu mbili tofauti.

Nije kwenye njia zako tatu. Ukienda kwa mwalimu, yote inategemea unamwendea na nini. Kuna kwenda na mashtaka ya K., na mwalimu akishasikia upande mmoja ataita wa pili, na kuanzia hapo mtaishi chumba kimoja kama mawakili. Kuna pia kwenda na karatasi ya shoti na kusema, "Mwalimu, kundi letu lina shoti 19 na wiki tano, tunaomba utusaidie kupunguza." Hilo la pili linaweza kufanywa na nyote wanne mkiwa mmekaa mbele yake, na ni sehemu ya kazi yake. Hatari yake ni kwamba halitagusa suala la jina, na huenda ukatoka pale ukiwa umepumua lakini bado una kinyongo. Ila kumbuka una ripoti yako binafsi, ndani ya ile asilimia 40. Humo unaruhusiwa, nadhani hata unatarajiwa, kueleza ulichofanya na kuonyesha hatua zake: picha ya kamera, mistari ya roto, kunguru peke yake, kisha vyote pamoja. Huhitaji kumtaja mtu vibaya ili ueleze kazi yako.

Kujitoa kwenye kundi, sipendi kukuona ukikukimbilia, ingawa siwezi kukukataza. Asilimia 60 si kitu cha kuacha njiani, na shoti utakayotaka kuionyesha kwenye rili yako ni ya kundi uliloliacha. Soma masharti ya kozi kwanza ujue mwanafunzi anayejitoa wiki tano kabla anahesabiwa vipi. Wakati huohuo, mwili ukigoma, kukabidhi rili nzuri na kupata usingizi kunaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu kabisa. Hilo unalipima wewe.

Kunyamaza je? Kunaonekana rahisi, na kungekuwa rahisi kweli kama lingekuwa la siku moja. Lakini K. akiipata ile nafasi kwa shoti ile, wewe utamfurahia kwa uso gani? Na akiikosa, utajisikiaje ukigundua kwamba ulifurahi kidogo? Ninachokiogopa katika kunyamaza ni kwamba kunaulinda urafiki kwa wiki tano tu.

Hapo ndipo deni linapoingia, na hapa naenda polepole, maana ni mahali penye uchungu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na K. alikufaa. Hilo lisifutwe na kilichotokea wiki iliyopita. Lakini alipokupa kompyuta ile, aliwahi kukuambia italipwa? Au ni wewe uliyeanza kuihesabu kimyakimya, ukawa unalipa kwa kila "sawa" uliyoitoa: sawa bila skrini ya kijani, sawa bila alama, sawa shoti ya 12, ya 13? Kama ndivyo, K. hajui kwamba analipwa. Anadhani una nguvu zisizokwisha. Unaweza ukamshukuru kwa sauti kwa ajili ya mwaka wa kwanza na, katika mazungumzo hayohayo, ukamwambia jambo la pili ambalo hulipendi. Watu huogopa kuyaweka pamoja, lakini yakiwekwa pamoja hueleweka vizuri zaidi.

Ukiamua kuzungumza naye, ningekuomba isiwe usiku wa kazi wala kwenye kiti cha kompyuta, na faili isiwe imeshikiliwa kama dhamana. Na kabla ya mazungumzo yoyote, weka nakala za faili zako za mradi zenye tarehe zake, pamoja na zile hatua za kati. Si kwa vita. Utazihitaji kwa rili, iweje iwe.

Jambo la mwisho nimeliona baada ya kuisoma barua yako tena. K. umemweleza kwa kirefu, kaka wa manyoya nimemjua hadi ugomvi wake wa rangi ya mdomo. Yule wa rigi na mwendo umempa sentensi moja. Shoti zilipotoka 11 kwenda 19, kila ndege aliyeongezeka yeye ndiye aliyemrusha, na mwalimu alipouliza nani kafanya, naye alikuwa chumbani mle akisikia "tumefanya pamoja". Huenda anaendelea vizuri kabisa. Lakini kama unatafuta mtu wa kuiandika naye ile karatasi ya shoti kabla ya kuipeleka kwa K., ningemuuliza yeye kwanza anaonaje.

Niandikie tena mkishakabidhi. Nataka kujua hereni ilichukuliwa vipi.

Shangazi yako